Nishani za fedha za mzee wetu: tuziuze au tuzitunze?

Baba yake babu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alituachia nishani mbili za fedha: ya Vita Kuu ya Kwanza, na ya Utumishi Afrika.

Kuziuza kuna mvuto wake: pesa hugawanyika, nishani hazigawanyiki. Lakini kwa sonara ni mzani tu, na ile ya vita ina uzito wa takriban wakia moja, yaani gramu 30 hivi. Bei ya fedha ilipopanda sana mwaka 1980, nyingi za aina hiyo ziliyeyushwa. Mkusanyaji wa nishani hulipa zaidi, kwa sababu ya maandishi ya ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi.

Maandishi hayohayo ndiyo yananifanya niseme tuzitunze. Askari na wapagazi wengi wa vita ile hawana hata kaburi lenye jina. Jina la mzee wetu limepigwa kwenye fedha. Kazi ya kuzitunza si kubwa: zisisuguliwe, maana jina hufutika, zisikae na vitu vya mpira, huzitia weusi. Ugumu ni kukubaliana nani akae nazo, na kuandikiana mbele ya ndugu wote. Shangazi yuko tayari.