Masomo ya Kijapani ya jioni, Chumbageni, Tanga: mwalimu hodari, daftari bovu

Mnaoniuliza kama masomo ya pale Chumbageni yanafaa: yanafaa, ila msiende na papara. Mie nauza mitumba Ngamiani. Nilijiunga kwa sababu mwanangu kaoa Mjapani, na mama mkwe wake akipiga simu ya video nabaki kutabasamu tu.

Somo lililonikamata ni la kuvaa. Kamusi yangu ya kwenye simu hupitia Kiingereza. Ukiandika "wear" inakutupia kiru, basi. Mwalimu alikuja na begi la nguo, akamsimamisha kijana mmoja mbele na kuanza kumvalisha. Shati, koti, kanzu: kiru. Kuanzia kiunoni kushuka chini, suruali, soksi mpaka viatu: haku. Kofia ni kaburu, miwani kakeru, pete hameru, tai na mkanda shimeru. Kuvua nako kuna mambo yake. Shati, viatu na kofia ni nugu, lakini miwani, saa na pete ni hazusu.

Vijana wakanung'unika kwamba Wajapani wanajitafutia kazi. Sisi kina mama tulicheka, maana kanga tunajifunga, ushungi tunajitanda, kilemba tunapiga, na hatujawahi kumsikia mtu akilalamika. Nikauliza, "Na kikoi je, mwalimu?" Akanijibu, "Hicho mama unakizungushia kiunoni, sema maku." Hijabu? Kaburu, sawa na kofia, kwa kuwa inakaa kichwani. Kwa majibu kama hayo sioni uchungu kutoa elfu thelathini kwa mwezi.

Daftari wanalogawa ndilo linaloniudhi. Fotokopi imefifia, halafu Kijapani chote kimeandikwa kwa herufi zetu hizi. Sasa kiru ya kuvaa na kiru ya kukata utazitofautishaje? Kwa kanji, yale maandishi yao yaliyotoka Uchina, kila moja ina alama yake. Ukisema kwa adabu pia zinaachana: kimasu ni kuvaa, kirimasu ni kukata. Daftari halina hata moja ya hayo, mpaka umuulize mwalimu. Na hiragana, zile herufi zao za kuandikia sauti, ni 46 tu jamani, wangetuanzishia siku ya kwanza.

Chumba kina feni moja, nayo inampulizia mwalimu. Wahini viti vya mbele. Ni Jumatatu na Jumatano baada ya Magharibi, Ramadhani hakuna masomo.