Laxton: kijiji cha Uingereza kinacholima bila uzio mpaka leo

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya usafiri tu.

Jamani kama uko Uingereza na umekulia shambani, fanya ufike Laxton, Nottinghamshire. Mi nilishuka treni Newark nikachukua teksi, dereva akanishusha njia panda huko mbali na kijiji eti tumefika, nikatembea kama nusu saa na mvua inanyesha, kwa hiyo mwenye gari aende nalo, na buti muhimu maana udongo wa pale ni mfinyanzi unaganda mguuni mpaka kiatu kinakuwa kizito.

Ila nikasahau yote nilipoyaona mashamba. Zamani vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima hivi, shamba moja kubwa la wazi, kila mtu ana vipande vyake virefu vyembamba vimetawanyika huku na kule ili udongo mzuri usiishie kwa mtu mmoja. Halafu, hasa karne ya 18 na 19, bunge likawa linapitisha sheria parokia baada ya parokia, ardhi ikagawanywa upya ikazungushiwa ua, na maskini wengi wakakosa hata pa kulishia ng'ombe. Laxton ikabaki, na mwaka 1952 wizara ya kilimo ikainunua ili utaratibu usife.

Mashamba ni matatu, West Field, Mill Field na South Field, na zamu ni ya miaka mitatu: ngano inapandwa kabla ya baridi, mwaka wa pili mazao ya kupandwa baridi ikiisha, wa tatu ardhi inapumzika au inaota majani ya mifugo.

Nilichuchumaa pale vipande viwili vinapokutana. Hakuna ua, hakuna jiwe, ni mstari tu ambapo plau ya huyu imeishia na ya mwenzie ikaanzia. Nikawaza kwetu Singida, tumepanda minyaa mpakani na bado kila msimu kesi iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hawa wana baraza lao, Court Leet. Mwishoni mwa Novemba jopo la wakulima linazunguka shamba la ngano lote kwa pamoja, wanapigilia vigingi kuonyesha mwisho wa kulima, na aliyekula njia au nyasi za wote anapigwa faini na baraza, na mezani ni wakulima wenzake wanaomjua vizuri. Hicho ndo kitu nataka watu wa kwetu wakione, mpaka unalindwa na watu wanaokutana kila mwaka wanaukagua kwa miguu yao.

Kituo cha maelezo kipo kwenye parking ya Dovecote Inn, kidogo ila soma kila ubao. Na kabla hujaenda tafuta mtandaoni ramani ya kijiji aliyochora mpima ardhi Mark Pierce mwaka 1635, yenyewe inatunzwa maktaba ya Bodleian, Oxford, imechora mpaka watu wanaolima na kuvuna, afu ukifika unasimama shambani unaona kabisa umbo ni lilelile.

Mi nilienda Juni, vile vipande vya nyasi wasivyolima vilikuwa na maua kibao. Kuna njia za miguu zinapita katikati ya mashamba, fuata hizo usikanyage ngano ya watu.