Nyota tatu ukutani, swali langu halikujibiwa

Nimetoka pale na hasira na mpaka leo haijapoa. Ni kituo cha afya kimoja cha huku Temeke, sikitaji jina.

Mke wangu ana mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, kwa hiyo ana kovu. Mwenye kovu uchungu ukimwendea vibaya kizazi kinaweza kupasuka, na hapo hakuna muda wa kutafuta gari. Sasa utachaguaje mahali? Majirani watakwambia "pale pasafi, manesi hawagombi." Mtandaoni watu wanasifia kiyoyozi. Mapokezi pametundikwa karatasi ya nyota tatu kati ya tano, alama za ubora ambazo Wizara ya Afya imekipa kituo. Nyota hizo sizibezi: vituo vya msingi vilipopimwa nchi nzima mara ya kwanza, 2015/16, takriban theluthi moja viliambulia sifuri. Tatu si mchezo. Lakini zinachanganya uongozi, majengo, uwajibikaji kwa wateja na huduma zenyewe; hazisemi kama usiku wa Jumapili kuna mtu wa kumpasua mke wangu.

Basi nikauliza. Kwa adabu, shikamoo kwanza, maana yule mama wa mapokezi ni mkubwa kwangu. "Mama, usiku daktari wa upasuaji anakuwepo au anaitwa kutoka nyumbani? Na damu mnayo hapa hapa?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Baba, umemleta mkeo kliniki au umekuja kutukagua?" Akaigonga ile karatasi kwa kalamu. "Nyota huzioni?"

Benchi zima likageuka. Mke wangu akanivuta shati ninyamaze.

Ninyamaze kwa nini? Uwajibikaji kwa wateja umo kwenye nyota hizo hizo anazonigongea! Na sanduku la maoni liko pale pale, hatua chache kutoka kwenye kiti chake.

Nilishaamua kuandika "msiende," basi. Lakini niseme kweli: mkunga aliyempima mke wangu ni dhahabu. Alisoma kadi yote, akauliza upasuaji wa kwanza ulifanyika kwa sababu gani, akarudia kupima presha. Nilipomuuliza swali lile lile alijibu bila kununa: usiku daktari huitwa, damu huagizwa hospitali. "Mwenye kovu mimi ningemwambia aende hospitali kubwa mapema, asisubiri uchungu." Hayo tu, na ndiyo yaliyotuamulia.

Kwa hiyo kliniki ya kawaida nendeni, mkamuulizie huyo mkunga. Au hapana, ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kama kwenye benchi lile alikuwepo mama mwingine mwenye kovu, amesikia nini? Kwamba ukiuliza unafokewa mbele za watu. Atafunga mdomo, ataamini karatasi, na usiku wa uchungu atakuja hapo hapo. Mkunga nampa zote tano. Kituo, mpaka majibu yake yabandikwe ukutani kando ya hizo nyota, mwenye kovu asijifungulie pale.