Pombe kali ya sherehe: uraka, tembo au ya mtama? Tunaonja tukiwa Newala

Habari zenu watazamaji, karibuni Newala. Hapa nilipo ni barazani kwa rafiki yangu. Nyumba imekwisha, bati limepigwa, saruji ya sakafu ndiyo inamaliza kukauka, na Jumamosi ijayo anahamia rasmi na familia yake. Ngoma itapigwa mpaka alfajiri. Mimi nimepewa kazi moja tu: kumchagulia pombe ya kienyeji, tena kali, ambayo wazee wakiionja watatikisa kichwa kwa kuridhika. Hii kazi naipa uzito wake, maana pombe mbaya inaharibu sherehe nzuri na mwenye nyumba ndiye anayebaki na maneno ya watu.

Mezani nina madumu matatu. Tembo la mnazi, pombe ya mtama, na uraka, yaani pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nipa sijaileta na sitaileta. Najua kuna atakayeandika hapo chini kwamba nipa ndiyo kali kweli. Ni kweli ni kali, lakini ni gongo, sheria inaikataza, na anayekuuzia hana kipimo chochote cha kukuhakikishia kwamba ndani hamna methanoli. Methanoli inapofusha macho na inaua. Huwezi kumkaribisha mtu nyumbani kwako ukampa kitu hicho.

Sasa, nikisema kali nakusudia nini? Bia nyingi za chupa ni karibu asilimia 5 ya kileo. Kwangu mimi pombe kali ya sherehe inatakiwa kupita hapo, ifike 6 au 7, halafu iwe bado nzuri saa tano za usiku, ngoma ikiwa imekolea. Hilo la pili ndilo watu wanalisahau. Waingereza wana bia zao kali za shayiri zinazofika asilimia 8 mpaka 12, na zinakaa miezi kwenye chupa zikizidi kuwa nzuri, kwa sababu kileo ni kingi na zimetiwa hopsi, maua machungu yanayozuia vijidudu. Pombe zetu hazina hopsi. Zina saa zake za kuiva na saa zake za kuharibika, na anayechagua lazima azijue.

Tuanze na tembo. Hili nimelinunua Mikindani alfajiri, mgema ndiyo kwanza ameshuka, kotama, kisu chake cha kugemea, bado iko kiunoni. Pale chini ya mnazi lilikuwa tamu, jeupe, linachangamka ulimini. Nimelipandisha huku kupitia Tandahimba, kilomita kama 140. Sogeza kamera hapa uone dumu lilivyo. Limevimba ubavuni, na kifuniko nilikuwa nimekilegeza. Hamira ya tembo inaingia yenyewe, inaanza kazi juu kulekule mnazini, na joto hili letu linaiharakisha. Ngoja nionje... Ndiyo. Limeshakuwa kali, lakini na uchachu umeingia. Kesho litakuwa linaelekea kwenye siki. Kama sherehe yako iko Mikindani, Mchinga au Lindi mjini, kubaliana na mgema alete la jioni, unywe usiku huohuo, hutajuta. Kwa Newala hapana.

Ya mtama nitaisema kwa kifupi. Imepikwa na mama mmoja hodari, kimea chake kimeota vizuri, na hii rangi ya udongo unayoiona ndiyo yake. Ni nzito, inashibisha, wazee wanaipenda. Lakini nguvu yake ni ndogo kuliko bia, na kuipika kunataka kuni na maji mengi. Wanaoishi juu huku kwenye uwanda wa Makonde wanajua maji ni taabu kiasi gani. Ningeichagua kwa siku ya kualikana shambani, watu walime huku wakinywa.

Uraka sasa. Huu nataka tukae nao.

Mkorosho ulitoka Brazili, Wareno wakaueneza mpaka Msumbiji na Goa kule India. Goa nao hawatupi mabibo, wanayatengenezea feni, kinywaji ambacho mwaka 2009 kilipewa ulinzi wa kisheria wa jina lake la asili. Sisi huku tunauza korosho mnadani, na mabibo mengi yanaozea chini ya miti. Ukiniuliza mimi, uraka uliotengenezwa kwa usafi unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Tazama glasi. Rangi ya njano iliyofifia, ukungu kidogo, povu jepesi linapanda halafu linatulia. Viputo vidogo bado vinatoka chini, vinapanda mstari mmoja mmoja. Hiyo ni dalili kwamba iko hai. Nikinusa napata bibo lililoiva sana, na nyuma yake kitu kama ndizi. Nikionja, utamu umebaki kidogo tu, halafu ule ukakasi wa bibo unashika kooni. Uraka usio na ukakasi kabisa nautilia shaka, huenda umezimuliwa maji. Ukakasi ukizidi mpaka unakohoa, basi huenda juisi haikuachwa itulie kabla ya kuchujwa.

Nimekuja na haidromita, hiki kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha juisi ni nzito kiasi gani kuliko maji; sukari ikigeuka kileo, namba inashuka. Mama aliyeupika aliniruhusu kupima juisi siku aliyokamua: 1.045. Leo, ikiwa na siku tatu, inasoma 1.002. Chukua tofauti, zidisha kwa 131, unapata kama asilimia 5.6. Kwa hiyo bila kuongezwa chochote tayari imeipita bia ya chupa. Ukitaka ifike 7, nusu kilo ya sukari kwenye dumu la lita 20 inatosha, ila itiwe siku ileile ya kukamua. Muuzaji anayetia sukari asubuhi ya sherehe anaficha uchachu tu. Pombe hiyo inaonekana tamu, lakini haijaongezeka nguvu, na itaanza kuchemka upya ndani ya dumu.

Nilimwuliza, "Mama, mabibo yako unayaokota au unayachuma?" Akaniambia, "Mwanangu, yaliyoanguka leo naokota, ya jana nawaachia mbuzi." Jibu kama hilo ukilipata kwa mpika pombe, mpe oda. Bibo linapasuka na kuanza kuoza ndani ya siku moja, na likishakaa na mchanga na nzi, hakuna kuchuja kutakakoliokoa.

Swali la pili muulize kuhusu salfa. Wakulima wetu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na ungaunga wake unaweza kubaki kwenye tunda. Mabibo yasipooshwa, hamira inaibadilisha salfa kuwa harufu ya yai viza. Ukifungua dumu ukakutana na harufu hiyo, usidanganywe kwamba ndiyo ukali wenyewe. Rudisha.

La tatu ni chombo. Uraka ni wenye tindikali, na ndoo ya bati inayong'aa ina zinki. Tindikali inaila ile zinki, inaingia kwenye pombe, na wageni wanaishia kutapika. Uwe umekaa kwenye mtungi au plastiki ya chakula. Siyo dumu lililowahi kubeba dawa ya mikorosho, hata lingeoshwa mara ngapi. Hilo naomba mlichukulie kwa uzito kuliko yote niliyosema leo.

Kwa hiyo chaguo langu kwa Newala ni uraka, wa mama huyuhuyu, wenye nusu kilo ya sukari kwa dumu. Mabibo yako hapahapa, hakuna safari ya kuuchosha. Anakamua Jumatano jioni, Alhamisi na Ijumaa inachemka, Jumamosi jioni inakuwa kwenye ubora wake, na Jumapili mchana kitakachobaki kitakuwa kimeanza kuchachuka. Ndiyo maana hatuagizi ya ziada. Wanywaji tunawakadiria kuwa 60, lita moja kwa kila mtu, madumu matatu ya lita 20. Lita moja ya pombe ya asilimia 7 si kidogo, chakula kiliwe kwanza, na mwenye pikipiki aache funguo kwa mwenye nyumba.

Wageni wengi wa rafiki yangu ni Waislamu na hawanywi. Kwao kuna juisi ya ukwaju na togwa iliyopikwa asubuhi hiyohiyo, kabla haijapata muda wa kuumuka, na vyombo vyake viwe mbali kabisa, kata zake zenyewe, msichana mwingine wa kugawa. Jambo hilo lipangwe mapema, lisiachwe mpaka watu wamekaa.

Kwenu mlioko Masasi, Nachingwea, Ruangwa, hesabu ni hii hii msimu wa mabibo unapokuwa umeshamiri. Sherehe yako ikiangukia mwezi wa nne au wa tano, uraka utakaouziwa si wa mabibo mabichi. Hapo geukia ya mtama, mwambie mpishi akuongezee kimea na akupe siku za kutosha. Na mlioko pwani mna tembo mwaka mzima. Niandikieni hapo chini mgema wenu anapanda saa ngapi jioni, Lindi mjini nina sherehe nyingine ya kuandaa.