Chakula cha mbwa: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Wengi wetu mbwa tunamfuga kwa ulinzi, na chakula chake tunakikumbuka mwisho kabisa: ugali wa pumba, rojo la dagaa juu, basi. Baadaye tunashangaa manyoya yanakatika na mlinzi mwenyewe analala kuliko mgeni. Mbwa anaweza kula wanga na ukamfaa, hilo halina tatizo. Tatizo ni sahani kuwa wanga mtupu. Kwa hiyo hapa sikupanga kwa bei ya kilo. Nimepanga kwa protini unayopata kwa hela unayotoa, pamoja na hatari inayokuja nayo nyumbani.

1. Dagaa wanaoliwa na watu

Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa mbwa anawala wazima na miiba yao, anapata pia kalsiamu ambayo steki haina. Ila sokoni kuna dagaa wa watu na dagaa wa kuku. Wa kuku ni bei chee, wamevunjikavunjika, na ndipo wengi tunapoingia mkenge. Kabla hujanunua kilo tano, nunua robo ukajaribu: tia kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika moja, kisha waopoe. Mimi nilikuta mchanga umetuama chini kama machicha ya kahawa. Mchanga ule ulipita kwenye mzani, na niliulipia. Unatoka ufukweni, maana sehemu nyingi dagaa huanikwa chini juu ya mchanga. Walioanikwa kwenye vichanja wanazidi bei kidogo, lakini kilo yao ni kilo kweli.

Chukua wa ziwani, wa Mwanza au Kigoma. Wa baharini, hasa wa Zanzibar, mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi kiasi hicho si ya mbwa. Ukikosa wengine, waloweke, mwaga maji, ndipo upike.

Kwa mbwa mzima wa kilo 20 hivi, anzia na gramu 100 za dagaa wakavu, ugali wa dona wa kushibisha mtu mzima mmoja, mchicha au karoti kidogo na kijiko cha mafuta. Gawa asubuhi na jioni. Ini la kuchemsha, vipande vichache, mara moja kwa wiki. Kisha mpapase ubavuni kila baada ya wiki mbili: mbavu uzisikie kwa vidole lakini usizihesabu kwa macho. Zikianza kuhesabika, ongeza. Zikipotea, punguza ugali, usiguse dagaa.

2. Chakula kikavu cha punje, cha mfuko uliofungwa kiwandani

Kwa mtoto wa mbwa, hasa wa mbegu kubwa, hii inapanda kuwa namba moja. Kalsiamu na fosforasi zisipoendana, mifupa inayokua huharibika, na uwiano huo si rahisi kuupatia jikoni. Maziwa ya ng'ombe hayawezi kuurekebisha.

Geuza mfuko usome nyuma. Tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili, si cha nyongeza, na ni cha umri gani. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinataka protini isipungue asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, ukiondoa maji. Viambato hupangwa kwa uzito, kwa hiyo mahindi yakitangulia, mahindi ndiyo unayonunua.

Zile punje za kupimiwa kutoka gunia lililo wazi ziache. Nilizinunua kwa miezi mitatu kwa sababu ni nafuu. Siku niliyonusa gunia, lilinuka mafuta yaliyochacha, na muuzaji hakuweza kuniambia liliisha muda lini kwa sababu lebo ilishatupwa.

3. Utumbo, mapafu na mabaki ya bucha

Protini nzuri, bei ya kuridhisha, lakini kwa sharti moja: vichemke vikaive hadi ndani. Ini au mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na mavimbe ya maji yenye viluwiluwi vya tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akila vibichi, tegu anakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na anayeyameza anaweza kuwa mtoto wako anayecheza uani. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umesumbua watu kwa miongo mingi. Ukiona kiungo kina mavimbe hayo, usikinunue hata kwa bei ya bure. Dawa ya minyoo nayo iwe yenye praziquantel, kwani si kila dawa ya minyoo inamgusa tegu.

4. Vichwa na miguu ya kuku

Sawa kwa kubadilisha ladha. Chemsha mpaka mifupa ipondeke kwa vidole, la sivyo chambua. Mfupa mgumu uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo hutoboa utumbo.

5. Pumba na mahindi mabovu

Pumba safi ni ya kujazia tu. Iliyoota ukungu usiinunue kabisa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa haliihimili sumu hiyo hata kidogo. Kusema "hii haifai kwa watu, mpe mbwa" ni kumuua kwa bei nafuu.

Makombo ya mezani sikuyapa namba kwa sababu hayanunuliwi, lakini pilau na mchuzi wetu vimejaa vitunguu maji na saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa. Chokoleti, zabibu na chingamu zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol, kiambato cha utamu), nazo ziweke mbali naye.

Ukihama kutoka chakula kimoja kwenda kingine, changanya: robo mpya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, halafu mpya tupu. Ukiruka hatua hizo, asubuhi utafagia kuhara kwake uani.