Mashine ya mkanda wa 2x72 kwenye karakana ya nyumbani: uzoefu wangu

Mashine hii ya kusaga chuma kwa mkanda, ile inayobeba mkanda wa msasa wa inchi 2 kwa 72 (takriban mm 50 kwa 1,830), ninayo kwa muda wa kutosha kuisifu na kuisema. Niliinunua ikiwa vipande vya kufunga mwenyewe: fremu, magurudumu, springi, mota ya kW 1.5 na kidhibiti mwendo. Naitumia kutengeneza visu, ila si kazi inayonilisha. Natengeneza kwa kupenda, kwenye chumba kidogo, na ninachoandika hapa kinamhusu mtu wa aina hiyo. Mwenye karakana ya biashara ana mahesabu mengine.

Niseme mapema: kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kilicho kizuri, ipeleke kwenye mashine hii na mikanda yake. Vingine vinasubiri, au vinabuniwa. Wengi tunaoanza huwa tunapindua mpangilio huo kwa sababu kinachotuvuta ni moto na nyundo, basi fuawe kubwa, lile pande la chuma la kugongea juu yake, inanunuliwa kwanza na inakaa inakusanya vumbi. Ukweli ni kwamba kisu kizuri kabisa kinatoka kwenye bamba la chuma lililokatwa kwa grainda, likachongwa, likatiwa ugumu na kunolewa, bila kugongwa nyundo hata moja. Ukitaka kufua chuma kweli, kipande cha reli kilichosimamishwa wima kinatosha, maana kikiwa wima uzito wake wote unakuwa chini ya nyundo. Fuawe imeisha, tuendelee.

Kwa nini 2x72 na si zile ndogo za mezani zenye mkanda wa 1x30? Piga hesabu ya eneo: mkanda mrefu una msasa karibu mara 5 ya ule mdogo. Mkanda mrefu unapata nafasi ya kupoa kabla haujarudi kwenye chuma, chembe zake hazifi haraka, na aina za misasa zinazouzwa kwa kipimo hiki ni nyingi kupita kipimo kingine chochote kwenye kazi ya visu. Mashine ndogo inanoa, sawa, lakini ukiipa bamba la mm 4 ulitoe mteremko wa upande mzima, kutoka mgongo hadi makali, utazeeka nayo.

Kuifunga hakukuwa na shida. Bolti zilikuwa kamili, matundu yamekaa mahali pake, na gurudumu la juu linalouongoza mkanda lilishika njia baada ya kuzungusha skrubu yake kidogo tu. Malalamiko yangu yako kwingine.

La kwanza ni bamba la kuegemea, lile linalokaa nyuma ya mkanda na ambalo ndilo linaloamua kama uso wa kisu utakuwa bapa au la. La kwangu lilikuja limebonyea katikati. Kwa macho huoni kitu, ila ukisimamisha rula ya chuma juu yake ukaelekeza kwenye taa, mwanga unapita kama uzi mwembamba. Kasoro hiyo ndogo inahamia kwenye kila kisu unachosaga. Nililisugua juu ya kioo kinene chenye msasa mpaka likanyooka, halafu nikabandika juu yake kipande cha kioo cha seramiki, kile kinachostahimili joto, kwa gundi ya epoksi. Kioo hicho hakiliki upesi na mkanda unateleza juu yake bila kukwama. Sijui kwa nini hakiji na mashine tangu kiwandani, kwa sababu kila mtu anaishia kukiweka.

La pili ni zito zaidi. Kidhibiti mwendo kilikuja kikiwa na matundu ya hewa na feni ndogo ya kujipooza. Yaani mtengenezaji ametengeneza mashine ambayo kazi yake ni kumwaga unga wa chuma hewani, kisha akaifungia kifaa cha umeme kinachovuta hewa hiyo hiyo ndani yake. Unga wa chuma unapitisha umeme. Ukitua kwenye saketi, kifaa kinakufa, na kinaweza kufa kwa moshi. Changu nimekihamishia ndani ya kasha pana lililofungwa, mbali na cheche, na kasha limekuwa kubwa makusudi ili joto lipate pa kwenda. Ukiwa unanunua leo, tafuta kidhibiti kilichozibwa tangu kiwandani, chenye daraja la IP65, yaani hakiingizi vumbi. Ukiwekewa mashine mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa hicho, chukua yenye hicho.

Lakini bila kidhibiti chenyewe usinunue. Hapa ndipo mashine hii inapojilipa. Mota inayozunguka mara 2,800 kwa dakika ikiwa na gurudumu la mm 125 inasukuma mkanda kwa mwendo wa karibu mita 18 kwa sekunde. Mwendo huo ni mtamu unapoondoa chuma kingi kwa mkanda wenye chembe za seramiki namba 36 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na zinakwaruza zaidi). Ukiuacha hivyo hivyo wakati unalainisha mpini wa mbao, unaunguza mbao. Ukiuacha hivyo kwenye makali yaliyokwisha kutiwa ugumu, unaharibu kisu. Kuweza kushusha mwendo mpaka mkanda uende taratibu kiasi cha kuona mshono wake ukipita, hilo ndilo linalomfanya mtu wa kujifunza asiogope mashine.

Sasa kazi yenyewe. Bamba likishakatwa umbo la kisu, napaka wino wa kalamu nzito pembezoni, pale makali yatakapokaa. Kisha nachukua keekee, ile biti ya kutobolea, yenye kipenyo sawa na unene wa bamba, nailaza juu ya uso ulionyooka, nalaza na bamba kando yake, na kwa ncha ya keekee nachora mstari pembezoni. Ncha ya keekee ipo katikati ya kipenyo chake, kwa hiyo mstari unaangukia katikati ya unene. Nageuza bamba na kuchora tena. Kama keekee ina hitilafu kidogo, inatokea mistari miwili iliyokaribiana, na hiyo ni bora zaidi, kwa sababu inanipa mpaka wa pande zote mbili.

Halafu mkanda wa zamani uliokwisha makali. Kwa huo navunja kwanza kona ya bamba kwa nyuzi kama 45, mpaka karibu na mstari. Ukipeleka kona kali moja kwa moja kwenye mkanda mpya wa seramiki, kona inakwangua chembe zote na mkanda umekwisha kabla haujafanya kazi. Kona ikishavunjika ndipo naweka mkanda mpya, viwiko nimevibana mbavuni, na mwili wote ndio unaosogea kutoka kisigino cha kisu kwenda kwenye ncha. Mikono peke yake haiwezi kunyoosha kitu. Utausikia mkanda ukibadilika sauti pale uso mpya unapokaa sawa kwenye bamba la kuegemea: mlio wa kukwaruza unageuka kuwa mvumo. Ukishausikia, huhitaji kuchungulia sana.

Naacha makali yakiwa na unene wa karibu nusu milimita hadi kidogo zaidi kabla ya moto. Makali membamba yanajikunja yakizamishwa kwenye mafuta, na uso wake unapoteza kaboni kwenye moto, kwa hiyo lazima kubaki nyama ya kuondoa baadaye.

Kuhusu moto, mimi ni mtu wa chuma cha 1084 na sioni sababu ya anayeanza kuhangaika na kingine. Kina kaboni ya karibu asilimia 0.84, hakidai kushikiliwa kwenye joto kwa muda mrefu, na mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka nyuzi kama 50 yanakitosha. Yanapashwa kwa sababu mafuta baridi ni mazito na yanachelewa kuvuta joto. Springi za lori nazo watu wanazisifu, na nyingi ni chuma kizuri, ila hujui ni aina gani hasa, na springi iliyochoka inaweza kuwa na nyufa usizoziona mpaka kisu kipasuke. Nondo za ujenzi za kawaida achana nazo, hazina kaboni ya kutosha kushika makali.

Tanuru langu ni la matofali mepesi ya kuzuia joto na kichomeo kimoja cha gesi. Kwa visu vifupi halina neno. Sumaku ndiyo saa yangu: chuma kinaacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, kisha napandisha kidogo, mpaka karibu 815, ndipo nazamisha, ncha ikitangulia, nikisogeza juu na chini tu. Ukitikisa pembeni, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na kisu kinapinda. Kazi hii nafanya penye kivuli, kwa sababu rangi ya chuma kwenye jua inadanganya. Baada ya hapo tupa ikipitishwa kwenye makali inateleza kama kwenye kioo, ishara kwamba chuma kimekuwa kigumu. Kisu hakijawa kisu bado, kikidondoka kinaweza kukatika. Kinaondolewa mafuta na kwenda kwenye oveni ili kipunguze huko kukatika: nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili, kinapoa, kisha saa mbili tena. Oveni za nyumbani zinapanda na kushuka sana, kwa hiyo kisu nakilaza ndani ya sinia ya mchanga na kuweka kipimajoto cha pembeni. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe.

Baada ya oveni, mashine inarudi kazini kwa mwendo wa chini, na hapa sivai glavu. Vidole vitupu juu ya chuma vinakwambia joto kabla ya jicho. Kila nikipitisha mara moja au mbili nachovya kwenye ndoo. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, joto limefika nyuzi 300 hivi, na sehemu hiyo imelegea. Hakuna cha kufanya ila kuondoa chuma mpaka uipite, au kurudia moto upya.

Mikanda ndiyo gharama ambayo muuzaji hakuambii. Mashine unanunua mara moja, mikanda haiishi kununuliwa. Seramiki namba 36 na 60 kwa kuondoa chuma, oksidi ya alumini namba 120 na 220 kwa kulainisha, basi. Kuanzia hapo naenda kwa mkono na msasa. Na mkanda utumie kana kwamba umepewa bure. Mkanda uliochoka haukati, unasugua, na kusugua ndiko kunakozaa joto na mawimbi kwenye uso wa kisu. Wale wanaolalamika kwamba mashine hii inaunguza chuma, mara nyingi ukiangalia mkanda wao umeng'aa.

Vumbi lake ni baya, tena baya kwa namna ya kimya. Barakoa ya kitambaa haifai kitu. Navaa ile ya vichujio vya daraja la P3, lile la juu kwa vumbi, na naivaa hata baada ya kuzima mashine, kwa sababu unga mwembamba unaendelea kuelea. Chini ya mkanda kuna ndoo ya maji inayopokea cheche. Vumbi la mbao nalifagia lote kabla ya kugusa chuma, kwa maana cheche na vumbi la mbao havikai nyumba moja. Alumini haipandi kwenye mashine hii kabisa: unga wa alumini ukichanganyika na unga wa chuma wenye kutu, kisha ukapata cheche, unawaka kwa joto ambalo maji hayalizimi. Na tanuru la gesi liwe penye hewa inayopita, kwa ajili ya kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, na lisiguswe na chuma chochote kilichopakwa zinki.

Kuna watu nisingewashauri wanunue. Kama unataka kisu kimoja au viwili vya kujionjea, jiliwa imara, tupa nzuri na kifaa cha kuiongoza tupa kwenye pembe moja vinafanya kazi ile ile, polepole na bila kelele, na utajifunza mengi kuhusu umbo la makali. Kama unakaa ukuta kwa ukuta na jirani, fikiria mara mbili, kwa sababu mota haipigi kelele sana lakini mkanda namba 36 juu ya chuma unasikika mbali. Na kama lengo lako ni visu vya chuma kisichoshika kutu, shida yako haipo kwenye mashine ya kusaga. Vyuma hivyo vinadai joto la zaidi ya nyuzi 1,000 lililoshikiliwa bila kuyumba, na hilo ni tanuru la umeme lenye kidhibiti cha joto, si matofali na gesi.

Mimi nimeipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na matundu ya kidhibiti mwendo. Bamba lililobonyea nimelisamehe kwa sababu linarekebishika kwa mkono, na meza ndogo ya mbele, ambayo inayumba kidogo ukiikaza upande mmoja, nimeiongezea bolti ya pili. Gurudumu kubwa la mpira la kuchonga uso wenye bonde bado sijalichukua, na kwa visu vya jikoni ninavyovipenda, vyenye uso bapa, sidhani kama nitalichukua karibuni.