Nilikipa nyota tano, nikanyang'anya mbili, sasa sijui

Kitabu chenyewe si changu. Ni cha mtoto wa dada yangu, alikisahau kwangu siku si nyingi: jalada la waridi, vikatuni viwili vimepeana mgongo. Mimi na majalada ya namna hiyo hatuivi chungu kimoja. Nikakifungua nikisubiri maji ya chai yachemke. Maji yakakaukia sufuriani.

Ni riwaya ya vijana: Much Ado About Nothing ya Shakespeare, ile tamthilia iliyochapwa mwaka 1600, imeng'olewa Messina, mji wa Italia, na kupandwa kwenye shule ya sekondari. Atakayekereka kusimuliwa mwisho aishie hapa hapa, maana mimi sina uwezo wa kulalamika nusu nusu.

Kwanza utamu. Beatrice na Benedick ndio walionifanya niipende tamthilia: watu wawili wanaotupiana vijembe mbele za watu mpaka kila mtu anajua kwamba wanapendana, isipokuwa wao. Riwaya nyingi za vijana zikijaribu jambo hili huishia kwenye matusi tu, mtoto mmoja mjeuri na mwingine mjeuri zaidi. Huyu mwandishi ana ulimi. Nilicheka usiku wa manane mpaka nikaulizwa kama niko salama.

Na ile hila! Kwenye tamthilia Benedick anajificha bustanini, marafiki zake wanajifanya hawamwoni, wanazungumza kwa sauti jinsi Beatrice anavyokonda kwa kumpenda. Hapa marafiki wanatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la darasa "kwa bahati mbaya", kisha wanaufuta wakishahakikisha kijana ameusikia. Shakespeare anamfanya Benedick anyoe ndevu akishanasa. Kijana wetu hana ndevu, ana vinywele saba kidevuni, na anavinyoa hivyo hivyo, kwa wembe wa baba yake, kwa unyenyekevu mkubwa. Kurasa hizo pekee zinatosha nyota tano. Nilizitoa hapo hapo, kabla sijafika nusu.

Ningefunga kitabu pale, tungebaki marafiki.

Mnaoijua tamthilia mnakijua kinachofuata. Claudio anadanganywa kwamba mchumba wake Hero ana mwanamume mwingine. Hamuulizi. Anangoja siku ya harusi, mbele ya kasisi, baba wa binti na wageni, ndipo anamvua nguo hadharani kwa maneno. Kwenye riwaya ni sherehe ya kumaliza shule, kuna kipaza sauti, na kuna picha iliyopigwa kwa nyuma, ya msichana aliyevaa koti la Hero. Mwandishi kaiandika vizuri mno. Niliona aibu kana kwamba kipaza sauti kile kilikuwa kinanisema mimi.

Halafu? Kurasa mbili! Nimezihesabu. Kijana analia, analeta maua, anasema "nilikuwa na wivu", na binti anamwangukia kifuani. Muziki unarudi, watu wanacheza. Kurasa kumi na nne za kumchafua mtoto wa watu, mbili za kumsafisha.

Nilikitupa kitabu kitandani. Najua mtaniambia hata Shakespeare alimwachilia Claudio kirahisi. Kweli. Anaambiwa Hero amekufa, anasoma beti za maombolezo kaburini, kesho yake anakubali kuoa binti asiyemwona uso, na binti anapojifunua ni Hero yule yule. Haya. Lakini angalau yule alidhani ameua mtu, akalala na hilo usiku mmoja. Huyu wa riwaya hakupewa hata usiku. Na mwandishi aliyeweza kubadili bustani kuwa simu, ndevu kuwa vinywele saba, alishindwa nini kubadili hili? Vijana wa miaka kumi na tano wanasoma hapa namna ya kusamehe. Nyota tatu. Mbili na nusu.

Hasira zilipopungua nikakumbuka nilichokiruka kwa kufura. Baada ya aibu ile, Beatrice wa Shakespeare anamwambia Benedick, aliyetoka tu kumtamkia mapenzi, maneno mawili: muue Claudio. Sijawahi kuiona sehemu hiyo bila kusisimka mwili. Katika riwaya hakuna wa kuuawa, bila shaka. Msichana anamwambia tu mvulana achukue kile kile kipaza sauti, amkanushe rafiki yake mbele ya watu wale wale, usiku ule ule. Na mvulana, ambaye kitabu kizima anaogopa kuchekwa, anapanda jukwaani magoti yanagongana. Hapo mwandishi kaelewa kabisa kwamba mapenzi ya wale wawili yanaanzia kwenye aibu ya Hero. Ndiyo maana nakasirika zaidi! Mtu anayeelewa hivyo hana udhuru.

(Yule mlinzi wa lango anayevuruga maneno makubwa, aliyerithi nafasi ya Dogberry, mkuu wa walinzi kwenye tamthilia, yeye hana kosa. Angepewa kitabu chake.)

Nyota nne, basi. Au tatu kwa kitabu, moja kwa vinywele.

Mwenye kitabu alipiga simu jana anakitaka. Nimemwambia bado sijamaliza. Niko pale kwenye ujumbe wa sauti, mara ya tatu hii.